Msaidizi Akipewa Kitabu, Dhamana ni ya Nani?



Nitaanza na kosa letu wenyewe, maana nikilificha makala haya yatakuwa maneno matupu. Ramadhani iliyopita kamati ya vijana ya msikiti wa mtaani kwetu, hapa Gatsata, ilipewa kazi ya kuandikisha kaya zitakazopokea zakatul-fitri. Miaka yote kazi hiyo hufanywa kwa daftari na kalamu. Safari hii tukasema sisi ni wasomi, tutafanya kwa kompyuta. Rafiki yangu anasomea mambo ya kompyuta, mimi nasoma masomo ya Kiislamu, kwa hiyo yeye akawa fundi na mimi nikawa karani. Tukaandika kaya 43: jina la mwenye nyumba, namba ya simu, idadi ya watoto, na safu ya nne tuliyoiita "sababu". Humo tuliandika mjane, mgonjwa wa figo, aliyeachwa na mume, ambaye mume wake yuko gerezani. Tukaongeza na picha za vitambulisho ili mtu asipokee mara mbili.

Programu yenyewe iliandikwa na msaidizi wa akili mnemba. Rafiki yangu alimweleza kwa maneno anachotaka, msaidizi akaandika msimbo, kisha akamwelekeza namna ya kuyaweka mafaili kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi za kampuni kubwa za nje. Picha zilipokataa kufunguka kwenye simu zetu, rafiki yangu akauliza kwa nini. Msaidizi akampa mstari mmoja wa amri. Akaunakili, akaubandika. Picha zikafunguka. Tukasema alhamdulillah, tukaenda kufuturu.

Mstari ule ulikuwa umeondoa kufuli. Kwa siku 11 ghala lile lote, picha pamoja na orodha, lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye anwani yake, bila neno la siri. Tuligundua kwa bahati tu, siku rafiki yangu alipoifungua orodha kwenye simu ya kaka yake ambayo haikuwa imeingizwa neno la siri hata mara moja. Orodha ikafunguka. Tulitazamana. Hatujui kama kuna mtu mwingine aliyeiona, huenda hakuna. Lakini mtu aliyekuja kwetu usiku, kwa kujificha, ili jirani asijue kwamba nyumbani kwake hakuna unga, tulikuwa tumemweka sokoni mchana.

Neno la kwanza la rafiki yangu lilikuwa: "Si mimi, msaidizi ndiye aliyesema." Sikumjibu wakati ule, maana na mimi nilitamani jibu liwe hilo.

Tuelewe kwanza msaidizi huyu anasema kutoka wapi. Amefundishwa kwa maandishi mengi mno, kisha mafunzo yakafungwa siku fulani. Baada ya siku hiyo dunia inaendelea, yeye amebaki palepale. Mfano mwepesi: Google ilifungua kituo chake cha wingu mjini Johannesburg Januari 2024. Msaidizi ambaye mafunzo yake yalifungwa kabla ya hapo, ukimuuliza kama Google ina kituo Afrika, atakwambia haina, na atakwambia kwa ufasaha kabisa. Hajakudanganya kwa kukusudia. Anasimulia alichohifadhi, na alichohifadhi kimepitwa. Kampuni za wingu hubadilisha amri, majina na kufuli zao kila mara, kwa hiyo kumbukumbu ya namna hii huoza haraka kuliko maziwa.

Tatizo la pili ni baya zaidi. Msaidizi asipojua, hanyamazi. Mtafiti wa usalama Bar Lanyado aliona kwamba wasaidizi hawa huwashauri watu wapakue kifurushi cha programu kinachoitwa huggingface-cli, na kwa jina hilo hakikuwepo katika hazina ya vifurushi waliyokuwa wakielekezwa. Akaweka humo kifurushi kitupu chenye jina hilohilo, apate kuona. Ndani ya miezi 3 kilipakuliwa zaidi ya mara 30,000. Yeye alikuwa mtu mwema na kifurushi kilikuwa kitupu. Mwizi angeweza kujaza humo chochote.

Dawa iliyopatikana ni kumpa msaidizi kitabu. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, ambayo ni lugha ya pamoja ya kumwunganisha msaidizi na vyanzo vya nje. Mwaka 2025 Microsoft ikatoa seva ya aina hiyo kwa nyaraka zake rasmi za Microsoft Learn, na Amazon Web Services nayo ikawa na yake kwa nyaraka zake. Kazi yake si ngumu kuieleza. Unamuuliza msaidizi swali. Badala ya kujibu kutoka kichwani, anatuma swali kwenye seva, seva inatafuta katika nyaraka za leo, inarudisha vipande vya kurasa pamoja na anwani zake, naye anajibu akiwa na ukurasa mbele yake. Anaweza hata kuuomba ukurasa mzima ausome. Nawe unaletewa anwani ili uende ukaone mwenyewe.

Najua msomaji wa jarida hili, hasa wenzangu wa masomo ya dini, tayari ameshasema moyoni: hii ni isnadi! Hata mimi nilisema hivyo, nikafurahi kama niliyevumbua jambo. Tunamkumbuka Abdullah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, na kauli yake maarufu iliyohifadhiwa katika utangulizi wa Sahih Muslim, kwamba isnadi ni sehemu ya dini, na isingekuwepo kila mtu angesema alitakalo. Basi msaidizi asemaye alitakalo amefungwa kamba ya isnadi, na mambo yamekwisha.

Hayajaisha. Nilipolipeleka wazo hili kwenye vitabu vya mustalah, likanigeukia.

Wanazuoni wa hadithi waligawanya udhibiti wa mpokezi mara mbili: udhibiti wa kifua, ambao ni kuhifadhi moyoni na kuleta kama ulivyosikia, na udhibiti wa kitabu, ambao ni kulitunza andiko lako lisiingiliwe mpaka siku ya kulisoma. Kuna mtu aliyekuwa hodari kwa kitabu, na kitabu kikitoka mkononi anapotea. Mfano wake ni Abdullah bin Lahi'a, kadhi wa Misri, aliyefariki mwaka 174 Hijria. Vitabu vyake viliungua mwishoni mwa umri wake. Wapo waliosema si vyote. Baada ya hapo akawa anasimulia na kuchanganya. Ibn Hajar katika Taqrib anamwita mkweli, kisha anasema alichanganyikiwa baada ya vitabu vyake kuungua, na kwamba waliyoyapokea kwake Ibn al-Mubarak na Ibn Wahb yana uzani kuliko ya wengine. Angalia uadilifu wa watu hawa. Hawakumwita mwongo, wala hawakuchukua kila alichosema kwa heshima ya cheo chake. Waliuliza: ulimsikia lini, akiwa na vitabu au vikiwa vimeshaungua?

Msaidizi asiyeunganishwa na nyaraka ni Ibn Lahi'a baada ya moto. Kumuunganisha ni kumrudishia vitabu. Hadi hapo mfano unakwenda vizuri.

Lakini kuna aibu nyingine ambayo wanazuoni waliitafuta kwa mpokezi, nayo ni talqini: mtu anayepewa maneno mdomoni na akayakubali. Unamwambia, "Je, hadithi hii si yako?" naye anajibu, "Ndiyo, ni yangu," kumbe si yake. Aliyejulikana kwa hilo walimdhoofisha. Ndiyo maana Yahya bin Ma'in alimjaribu Abu Nu'aym al-Fadl bin Dukayn kwa kuchomeka hadithi zisizo zake miongoni mwa zilizo zake. Abu Nu'aym alizikamata, akahamaki, akampiga Yahya teke akaanguka. Yahya akafurahi na teke lile, maana lilimthibitishia kwamba mtu huyu hachomekewi.

Nasi tukamjaribu msaidizi wetu. Rafiki yangu alitunga jina la amri ambayo haipo, akamwuliza inafanyaje kazi. Kabla ya kuunganishwa, alitueleza amri ile kwa aya tatu, na mfano juu yake. Nilicheka, kisha nikakumbuka kaya 43 nikaacha kucheka. Baada ya kuunganishwa na nyaraka alitafuta, akasema hakuikuta. Hilo ndilo teke la Abu Nu'aym, na kwa hilo peke yake nasema kuunganisha ni jambo jema. Kwa mwenye kushika kazi ya watu, kutounganisha ilhali anaweza ni uzembe.

Baada ya jaribio hilo tukamuuliza swali lilelile la mwanzo: kwa nini picha hazifunguki kwenye simu? Safari hii alikuja na ukurasa. Ukurasa ulieleza kwamba ghala limefungwa kwa makusudi, kwamba kulifungua kwa umma ni hatari, na kwamba njia sahihi ni kutoa kiungo cha muda mfupi kwa mtu mmoja. Onyo lilikuwa limeandikwa kwenye sanduku, juu ya maelezo. Lilikuwepo siku zote zile 11. Lilikuwepo jioni tuliyokwenda kufuturu.

Hapo ndipo swali la dhamana liliponibana. Ili nilieleze itabidi nikupeleke gereji.

Asiyeijua Gatsata huijua kwa sauti yake. Ukitoka Nyabugogo kuelekea barabara ya Gatuna, unaanza kusikia nyundo kabla hujaona kitu: bati linanyooshwa, injini imening'inizwa kwenye mnyororo, vijana wamebeba milango ya magari kama watu wanaohama. Spea za magari zimepangwa chini mpaka mlangoni. Mjomba wangu amefanya kazi hapo tangu sijazaliwa. Wazee wetu wengi Waislamu wa Kigali waliishi kwa usukani na spana, na lugha ninayoandika hapa nusu yake niliipata chini ya magari.

Mjomba ana kitabu cha injini kilichochakaa, kimeliwa na oili, na anakifungua kila anapokaza boliti za silinda hedi ingawa amekwisha kuzikaza mara elfu. Nikiwa mdogo nilidhani ana usahaulifu. Siku moja fundi kijana alikuja na kitabu mkononi, akasoma kipimo kwa sauti, akataka kuanza. Mjomba akamzuia, akamwambia ainame asome namba iliyogongwa kwenye bloku. Kitabu kilikuwa cha injini ya 3L, na iliyokuwa mbele yao ilikuwa 2L. Kijana alikuwa na kitabu sahihi cha injini nyingine.

Nilikumbuka siku hiyo wiki mbili baada ya kumuunganisha msaidizi wetu. Alituletea jibu zuri, na anwani ya ukurasa chini yake. Nikaufungua ukurasa, kwa sababu siku hizi nimekuwa mtu wa kushuku. Maneno aliyoyaleta yalikuwemo kweli. Lakini juu yake kulikuwa na mstari unaosema maelezo haya ni ya aina nyingine ya akaunti, ile ya mashirika, wala si yetu ya wanafunzi. Msaidizi alisoma kitabu, hakusoma namba ya bloku. Mabingwa wa hadithi wana neno la elimu inayookotwa namna hii: wijada, yaani kukuta maandiko ya mtu na kusimulia kutoka humo bila kuyasikia kwake. Ibn al-Salah alipozihesabu njia 8 za kupokea, wijada aliiweka ya mwisho. Na aliyechota elimu yake yote kutoka makaratasi bila mwalimu walimwita suhufi, wakamchunga, kwa sababu anaweza kusoma herufi zote sawa na bado akakosa maana.

Basi isnadi haikuwa anwani tu. Ilikuwa watu: huyu alizaliwa wapi, alikutana na nani, alikuwa mwadilifu, uzeeni alibadilika? Kila jina katika mnyororo lilikuwa jina la mtu atakayesimama mbele ya Allah na kuulizwa. Seva ya nyaraka haitasimama. Msaidizi hatasimama. Katika mnyororo wetu wa Gatsata, ukianza na ukurasa, ukaja kwenye seva, ukaja kwa msaidizi, ukaja kwa rafiki yangu, ukaja kwangu, ni wawili tu wenye baleghe na akili. Sura ya Al-Israa, aya ya 36, inapokataza kufuata jambo tusilolijua, inataja kwamba kusikia, kuona na moyo vitaulizwa. Hakuna kati ya hivyo alicho nacho msaidizi.

Fiqhi imelizungumza hili kwa ukavu, na mimi naupenda ukavu wake. Majalla, ile kanuni ya sheria ya Waothmani, katika kifungu cha 90 inasema wakikutana mtendaji wa moja kwa moja na aliyesababisha tu, hukumu huegemezwa kwa mtendaji. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba anayejitia kutibu watu bila kujulikana kuwa ni tabibu, akadhuru, ni mwenye kudhamini. Mjomba hajasoma Majalla, lakini injini ikifa baada ya kutoka kwake hulipa, hata kama spea iliuzwa na mwingine. Humdai muuzaji baadaye, kwa kelele nyingi. Mbele ya mteja, aliyeshika spana ni yeye.

Mahakama za dunia zimefika hapohapo. Juni 2023 jaji P. Kevin Castel wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, zilizotungwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT yenyewe kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamwambia ni za kweli. Talqini tena. Jaji hakuitoza mashine.

Simaanishi kampuni zimetakasika. Anayeuza kifaa kinachojibu kwa uhakika asichokijua ana hesabu yake, na siku za mbele sheria zitambana. Nasema tu kwamba hesabu yake haifuti yangu.

Sasa fikiri kidogo juu ya kile ambacho kitabu kimebadilisha. Msaidizi alipokuwa anajibu kutoka kichwani, rafiki yangu alikuwa na udhuru mwembamba: sikuwa na mahali pa kuhakikisha, nilikuwa na haraka, alizungumza kama anayejua. Siukubali udhuru huo wote, lakini naona umbo lake. Baada ya kuunganishwa, jibu linakuja na anwani ya ukurasa chini yake. Kidole kimoja, nami nipo kwenye chanzo. Nikiacha kubonyeza, siwezi tena kusema sikujua pa kuangalia. Tunafikiri kitabu kimempunguzia mwanafunzi kazi, na ni kweli kimepunguza kazi ya kutafuta. Dhamana kimeizidisha. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na kadiri njia ya kuhakikisha inavyokuwa fupi, ndivyo asiyeipita anavyokosa la kusema.

Rafiki yangu alinipinga hapa, na haki yake niiseme. Alisema: "Wewe unazungumza kama mtu anayeandika mstari mmoja kwa mwezi. Mimi kwa siku moja napokea majibu mia. Nikifungua kila ukurasa, basi sina haja ya msaidizi." Nilikaa na neno hilo usiku mzima. Jibu nililopata si langu. Wanazuoni wengi, akiwemo Imamu Nawawi, waliruhusu hadithi dhaifu, isiyo dhaifu sana, katika fadhila za matendo, na wakakaza kamba ilipofika kwenye halali na haramu. Walipima ukali wa uchunguzi kwa uzito wa jambo. Rangi ya kitufe haihitaji Yahya bin Ma'in. Lakini amri inayogusa kufuli, pesa, au jina la mtu aliyetuamini, hiyo ni halali na haramu, na hapo lazima ukurasa ufunguliwe na jicho la mwanadamu. Katika kazi yetu yote ya Ramadhani amri za namna hiyo zilikuwa saba. Tumezihesabu. Kurasa saba zingetuchukua muda mfupi kuliko foleni ya basi pale Nyabugogo.

Kuna tahadhari nyingine nitaipita upesi kwa sababu wenzetu wa kompyuta wanaijua kuliko mimi. Seva za kuunganisha ziko nyingi, na si zote ni za wenye nyaraka. Yeyote anaweza kuandika yake, na ukurasa unaoletwa unaweza kubeba ndani yake maneno ya kumwamrisha msaidizi afanye jambo ambalo hukumtuma. Msaidizi tuliyekwisha kumjua kwa kukubali maneno mdomoni, atakubali na hayo. Chukua kwa mwenye kitabu, usichukue kwa mpita njia. Na hata mwenye kitabu ni muuzaji. Nyaraka zake zitakuonyesha vizuri namna ya kununua huduma zaidi kwake, hazitakwambia kwamba kaya 43 zinatosha kwenye daftari.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo hakuna kitabu cha wingu kingetuambia. Nyaraka zilitueleza vizuri namna ya kuchagua nchi ambayo data itakaa. Hazikutwambia kama tunaruhusiwa. Rwanda ina sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, ya kulinda data binafsi na faragha. Sheria hiyo inataka data binafsi zihifadhiwe Rwanda, isipokuwa mwenye kuzishika awe na cheti halali cha usajili kinachomruhusu kuzihifadhi nje. Sisi tulizipeleka ng'ambo ya bahari kwa kubonyeza chaguo la kwanza kwenye orodha. Msaidizi hakututajia sheria hiyo, kabla ya kuunganishwa wala baada, kwa sababu hatukumuuliza, na kitabu alichoshika hakikuwa cha Rwanda.

Tulifunga ghala, tukafuta picha, tukapeleka habari kwa imamu. Nilidhani tumemaliza. Imamu akauliza kama tumewaambia wenyewe. Nikaleta hoja, kwamba huenda hakuna aliyeona, kwamba kuwaambia kutawatia wasiwasi, kwamba kusitiri ni bora. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba kusitiri ni kufunika aibu ya mwenzio, na ninayotaka kuifunika ni yangu. Haki ya mja husamehewa na mja.

Basi tukagawana nyumba. Ya tatu kwangu ilikuwa ya mama mmoja mjane anayeishi juu, kule ambako ngazi za udongo zinateleza mvua ikinyesha. Nilimweleza kwa Kiswahili rahisi, nikakwepa maneno ya kompyuta. Alinikaribisha chai. Aliponielewa hakukasirika, jambo lililokuwa gumu zaidi kwangu kuliko kama angekasirika. Aliuliza: "Mwanangu, mliandika na sababu?" Nikasema ndiyo. Akauliza: "Sababu mliitaka ya nini? Imamu ananijua."

Sikuwa na jibu. Tuliweka safu ile kwa kuwa programu ina nafasi ya safu, na msaidizi alipouliza tunataka safu zipi, tukataja kila iliyotujia kichwani. Yeye alikuwa wa kwanza kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, na hakuna ukurasa wowote, wa zamani au wa leo, ambao ungemuulizia.

Alinisamehe. Katika wale 43, wawili bado hatujawapata, walihama baada ya Idi, na namba zao hazipatikani. Hao wako shingoni mwetu, na kama miongoni mwa wasomaji yupo anayejua kaya iliyohama Gatsata kwenda upande wa Nyacyonga katika siku hizo, atufikie kupitia kamati ya msikiti.

Orodha ya mwaka huu ina safu mbili tu, namba ya kaya na idadi ya watu. Majina yako kwenye daftari, na daftari liko kwa imamu. Rafiki yangu bado anatumia msaidizi wake, akiwa ameunganishwa na nyaraka, na simlaumu hata kidogo. Jana usiku aliniita nikae pembeni yake. Kulikuwa na amri ya kufuli, jibu limeshaletwa na anwani yake chini. Akafungua ukurasa, akapandisha mpaka juu kabisa, akaanza kutafuta kwa kidole ni wa akaunti ya aina gani.